Hodi ya Mwezi wa Tatu

Meli ilikuwa imeshafungua kamba na Verna bado anabishana na mama yake.

Alikuwa amesimama nyuma, ameshika chuma cha ukingoni, koti lake jekundu la mjini limefungwa mpaka kidevuni, akipiga kelele kuushinda mngurumo wa injini. Mama yake, Shangazi Triffie, alisimama gatini bila kofia, mikono kaiviringisha ndani ya aproni, kama mtu aliyetoka mara moja tu kumwaga maji ya viazi.

"Mara moja tu, mama! Ukianguka mara moja, ukilazwa mara moja, nakuja kukuchukua na nyumba naipigilia mbao!"

"Sawa!"

"Umenisikia?"

"Hata walioko makaburini wamekusikia! Ingia ndani, utapata mafua!"

Tuliokuwa gatini tukacheka. Verna hakucheka. Meli ikageuza mgongo, ikapita jiwe la mdomo wa ghuba, na lile koti jekundu likawa nukta, kisha hakuna.

Makubaliano yao yalikuwa hayo: baridi moja. Verna alikuwa ametoka Halifax kuja Dorter, kijiji chetu, kumchukua mama yake akaishi naye huko mjini, ghorofa ya tatu, ambako joto linatoka ukutani bila mtu kupasua ukuni. Alikuwa amekuta birika limeungua, chumvi kwenye kopo la sukari, na mama yake amemwita kwa jina la shangazi yake. Mama akajibu kwamba hayo ni mambo ya umri, hata askofu huvaa soksi mguu mmoja. Wakavutana wiki nzima. Mwisho wakaafikiana: Triffie akivuka baridi salama, akiwa mzima siku meli ya kwanza itakapopasua barafu, Verna hatataja tena neno Halifax. Asipovuka, ataondoka, na nyumba itafungwa.

Kabla hajapanda meli Verna alimshika mkono Mjomba Hedley. "Wewe ndiye macho yangu hapa," akamwambia. "Ukiona amebadilika, hata kidogo, nipigie simu."

"Macho yenyewe yana ukungu, mwanangu," Hedley akasema, "lakini nitayatumia."

Hedley alimwoa Drusilla, dada wa marehemu Garland, na Garland ndiye aliyekuwa mume wa Triffie. Kwa hiyo Triffie na Drusilla ni mawifi, na Hedley ni shemeji. Mimi nilikuwa nakaa chumba cha nyuma kwa Hedley. Nilifika Dorter nikiwa mpishi wa meli iliyoharibika injini, nikasema nitakaa mpaka itengenezwe. Meli ilitengenezwa, ikaondoka. Mimi nikabaki miaka mingi kuliko niliyokaa mahali pengine popote, na sababu, nikisema kweli, ilikuwa jiko la Triffie.

Tangu serikali ilipopiga marufuku uvuvi pwani ile ya kaskazini ya Newfoundland, nyumba zenye moshi Dorter zilikuwa zinapungua kila mwaka. Vijana walikwenda. Waliobaki walikuwa watu wa rika letu, na baridi ya kule haimpendi mtu wa rika letu. Lakini jiko la Triffie lilikuwa pana, lina jiko la chuma la kuni lenye tumbo kubwa, benchi ukutani, na sakafu inayodunda vizuri ukicheza. Jumamosi supu ya njegere na nyama ya chumvi, Jumapili mkate wa molasi, na kila siku chai nyeusi yenye maziwa ya kopo. Kama Triffie angeondoka, tungebaki kila mtu na jiko lake, anatazama ukuta wake. Sote tulilijua hilo. Hakuna aliyelisema.

Na yeye ndiye aliyetufundisha kukaa na baridi. "Baridi si adui," alikuwa anasema. "Adui ni kukaa. Mwili ukikaa unaoza kama kabichi." Kila mtu lazima atoke kila siku, hata kama ni kuizunguka nyumba na kurudi. Ukienda msituni kukata kuni, usiruhusu jasho. Fungua koti kabla hujalowa, kwa sababu theluji haiui mtu, inamsubiri tu jasho lake limalize kazi. Kijiko cha mafuta ya ini la samaki asubuhi, na usikunje uso, wewe si mtoto. Ukikamatwa na tufani nje, usikimbie: tafuta pa kukinga mgongo, kalia matawi, usikalie theluji, legeza buti damu ipite, mikono kwapani. Mimi nilikuwa nimezunguka pwani za baridi tangu ujana nikidhani najua. Nilikuwa sijui kitu.

Tena alikuwa na mwiko mmoja, na haukuwa wake peke yake, ni wa Dorter yote. Wakati wa baridi humwulizi mtu kama anaumwa. Ugonjwa ukisikia unatajwa, husogeza kiti. Unamwuliza: "Unakula?" Akisema anakula, basi, mazungumzo yamekwisha.

Kingine, kule hakuna hodi. Mtu wa Dorter anasukuma mlango na kuingia huku theluji inamdondoka, anaketi, ndipo anasema habari. Anayebisha mlango ni mgeni, au polisi, au padri ambaye bado hajazoea. Isipokuwa siku zile kumi na mbili za Krismasi. Hapo ndipo wanapopita wenye vinyago.

Sijui kama mila hiyo wanayo wengine. Watu wazima, na akili zao, wanajifunika uso kwa pazia la lesi au foronya, mwanamume anavaa gauni la mkewe na mto tumboni, mwanamke suruali ya mumewe, buti la kulia mguu wa kushoto na la kushoto mguu wa kulia, ili hata mwendo usijulikane. Wanabisha mlango, wanasubiri nje kama wageni, na wanazungumza kwa kuvuta pumzi ndani, sauti inatoka kama ya bata aliyekabwa: "Mnapokea vinyago?" Wakikubaliwa wanaingia, wanacheza, wanafanya vituko, na wenye nyumba wanawapapasa na kuwachokoza ili wawatambue. Ukitambuliwa, unafunua uso. Wakishindwa kukutambua, unafunua mwenyewe, umeshinda, na wanakudai keki na ramu mpaka utosheke.

Hapana, nimekosea, wewe ndiye unayewadai. Wao ndio walioshindwa.

Triffie hakuwahi kushindwa. Tangu alipoletwa Dorter bi harusi. Alikuwa anamtazama mtu anavyosimama tu, anasema, "Hedley, ondoa huo mto, mimba yenyewe umeibeba juu mno." Watu walikuwa wanatafuta mbinu mwaka mzima. Effie wa dukani aliwahi kujitia kokoto ndani ya buti ili achechemee kweli. Triffie akamwambia, "Effie, mpenzi, kaa chini utoe hayo mawe, utaumia."

Krismasi ile tulikwenda wanne: Hedley na gauni la Drusilla, Drusilla na suruali ya Hedley, Effie na kodiani yake ndani ya gunia, na mimi nimevaa koti la mvua la baharini kinyume, foronya kichwani. Ilikuwa baada ya chakula cha jioni. Tukabisha.

"Mnapokea vinyago?"

"Nani?" akaita.

"Vinyago!"

Akafungua mlango kidogo, akatuchungulia, na nikaona uso wake umesita. Kisha akatabasamu. "Ingieni, ingieni. Baridi kali."

Tukacheza mpaka vikombe vikalia kabatini. Hedley akamkalia Triffie mapajani na mimba yake. Triffie akaubonyeza ule mto, akacheka mpaka machozi, lakini hakutaja jina. Akanizunguka mimi, akanishika mkono, akaugeuza, akautazama. Kila mwaka hapo ndipo aliponinasa, kwa kovu la mafuta ya moto. Akauachia.

"Ninyi si wa hapa," akasema. "Siwajui."

Tukatazamana kwa matundu ya mapazia yetu. Effie akaanza kurukaruka. "Ameshindwa! Triffie ameshindwa!"

Hedley akafunua pazia kwa mbwembwe, kama bi harusi. "Ni mimi, shemeji! Baada ya miaka yote hii nimekupata!"

Triffie akamtazama. Uso wa Hedley uko wazi, mwekundu, masharubu yamelowa. Akamtazama kwa adabu. Akasema, "Na wewe nani?"

Kicheko kilichotokea pale, sijasikia kingine. Drusilla alikaa sakafuni. Tulidhani anatulipizia. Kwamba ameshindwa, sasa anaubeba mchezo mbele zaidi yetu, anatuonyesha kwamba hata bila vinyago tunaweza kukataliwa. Huyo ndiye Triffie tuliyemjua. Mmoja baada ya mwingine tukafunua nyuso, na kila mmoja akaulizwa vilevile, "Na wewe nani?" na kila mara tukacheka upya.

"Keki tutawapa," akasema. "Lakini msikae sana. Garland akirudi kutoka baharini ataniuliza nimewakaribisha watu gani."

Garland alikuwa amezikwa. Mimi mwenyewe nilishika koleo. Kicheko kilipungua kidogo, nadhani kila mtu alimtazama jirani yake aone kama na yeye amesikia. Kisha Hedley akapiga paja. "Garland! Nitajificha chini ya meza!" Na akajificha kweli, gauni na yote. Kodiani ikaanza tena. Triffie mwenyewe akacheza.

Kesho yake habari ikaenea. Siku zote zilizobaki watu walikwenda kwa Triffie, wengine bila kinyago, kusikia tu akiwauliza. Na swali lenyewe likatoka nje ya nyumba yake. Ukiingia dukani, Effie anakuuliza, "Na wewe nani?" Kanisani, mtu akikupisha kwenye benchi: "Na wewe nani?" Ukawa ndio mzaha wa baridi ile. Triffie alipoona kwamba swali linachekesha, alilishika. Niliona baadaye, akipotea katikati ya mazungumzo, anasema "Na wewe nani?", watu wanacheka, na kicheko kinamfunika mpaka anapata njia. Alijificha humo kama mtu aliyevaa pazia.

Tarehe sita Januari vinyago vinarudishwa sandukuni. Huo ni mwisho, hata walevi wanauheshimu. Tarehe nane Drusilla alirudi kutoka kwa wifi yake. Alivua buti, akaziweka karibu na jiko, akasema, "Hedley, mchezo umekwisha, na yeye bado anacheza."

"Ana ucheshi. Hujui wifi yako?"

"Kaniuliza nimemwona Garland. Tulikuwa wawili tu. Hakucheka."

"Anakula?"

"Usiniletee hayo. Anakula. Anakula kuliko wewe. Nasema kichwa."

Hedley akajaza kiko chake. "Ukimwambia Verna hilo," akasema, "atakuja na ndege ya posta wiki hii hii. Atamfungia ghorofani. Unamjua Triffie ndani ya ghorofa? Hatamaliza mwaka. Hapa anatembea, anapasua kuni, mashavu mekundu. Acha avuke baridi yake. Aliahidiwa."

"Na wewe uliahidi nini?"

"Nimeahidi kutazama. Natazama."

Drusilla akanigeukia mimi. "Na wewe mzururaji, unasemaje?"

Nikasema mimi si ndugu. Ndilo jibu la mtu aliyepanga chumba.

Basi kila Jumapili, Verna anapopiga simu, Hedley alikuwa keshafika jikoni kwa shemeji yake, kaketi karibu na simu. Alimnong'oneza. "Mwulize jino la Curtis." Triffie anasema kwenye simu, "Na jino la Curtis?" na tunasikia sauti ya Verna imejaa furaha kutoka Halifax: mama anakumbuka mpaka jino la mjukuu wake! "Mwambie umefuma glavu." "Nimefuma glavu." "Mwambie theluji imefika dirishani." Hilo Triffie alikuwa halihitaji, aligeuka akatazama dirisha, akamweleza binti yake theluji kwa maneno yake mwenyewe, vizuri mno, rangi yake na inavyolia ukiikanyaga. Verna hakushuku kitu. Hedley alitoka pale jasho linamtiririka kama mtu aliyebeba gunia.

Na lazima niseme hili, kwa sababu ni kweli: ilikuwa baridi nzuri. Sijawahi kuwa na afya kama baridi ile. Ghuba iliganda mapema, anga likakaa buluu wiki nzima nzima, na karibu kila siku Triffie alikuwa wa kwanza nje, anatugongea dirisha kwa kijiti. Tulikokota sleji, kigari cha theluji kisicho na magurudumu, mpaka msituni nyuma ya vilima, tukakata kuni, na saa sita tukawasha moto juu ya theluji, tukateleka birika. Yeye ndiye aliyewasha. Gome la mti, vijiti vikavu kutoka chini ya msonobari pasipofika theluji, pumzi moja, na moto huo. Alitukatia mkate, akatugawia samaki wa kukausha, akamkemea Hedley afungue koti kabla hajalowa.

Siku moja tuliachwa wawili kwenye moto. Alinimiminia chai, akaitia maziwa kiasi ninachopenda bila kuniuliza. Kisha akaniuliza, "Mama yako yuko hai?"

"Amekufa zamani, Shangazi."

"Pole, kijana. Na hapa umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Usikae peke yako wakati wa baridi," akaniambia. "Njoo kwangu. Kwangu kuna nafasi. Ukifika gatini uliza kwa Garland."

Nikamwambia nitakuja. Jua lilikuwa juu ya theluji hata macho yanauma. Mikono yake ilijua kila kitu. Yeye tu ndiye aliyekuwa hajui mikono ni ya nani. Jioni nilimweleza Drusilla. Akasema, "Meli inakuja mwezi wa tano. Nahesabu kama mfungwa." Lakini simu hakupiga.

Waswahili husema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kule hawana methali hiyo, wangeifaidi.

Ilikuwa mwezi wa tatu, alasiri. Upepo ulikuwa umegeuka kaskazini mashariki, theluji inakwenda chini chini juu ya barafu kama moshi. Tulikuwa kwa Hedley, wale wale wanne, tunacheza karata. Hedley alikuwa na karata nzuri mkononi, nilimjua kwa jinsi alivyoacha kuvuta kiko.

Mlango ukabishwa.

"Mlango wetu huo?" Drusilla akasema.

"Padri," akasema Hedley. "Kaja kunusa chupa. Effie, ikalie."

Ukabishwa tena. Kisha, kupitia mbao na upepo, ile sauti ya kuvuta pumzi ndani, ya bata aliyekabwa:

"Mnapokea vinyago?"

Tulimtambua mara moja. Nani mwingine angeleta vinyago mwezi wa tatu? Effie akaziba mdomo kwa karata zake. "Ni Triffie! Mwenyezi Mungu, ni Triffie, kaja kutulipa!"

Hedley akapaza sauti, karata mkononi. "Hatupokei! Vinyago vilikwisha tangu Januari! Rudini kwenu!"

Buti zikasaga theluji kizingitini. Halafu, "Garland yuko humo?"

Na Hedley, kwa sauti ile ile ya Triffie, aliyokuwa ameiiga baridi nzima mpaka akawa bingwa, akaitikia: "Na wewe nani?"

Effie alilaza kichwa mezani kwa kucheka.

Sasa, mtu asiyekaa Dorter atasema tulimfukuza. Hatukumfukuza. Kule, kupigiwa kelele kutoka ndani ndiko kukaribishwa. Nje ya zile siku kumi na mbili hakuna aliyewahi kuambiwa ingia, na aliyeambiwa toka huketi na kuomba chai. Tulichosubiri ni kusikia kitasa. Drusilla alikuwa tayari ameshusha kikombe cha tano, anakifuta. Kitasa hakikulia.

"Anatuchezea," Hedley akasema. "Anataka tumfuate. Nani zamu yake?"

Tulimaliza mzunguko ule wa karata. Huo mmoja tu. Hedley alishinda. Kisha Drusilla akasema, "Haingii," na akaenda kufungua mlango.

Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na nyayo. Za buti kubwa za mwanamume, la kulia kushoto na la kushoto kulia, hata ukizitazama hujui zinakuja au zinakwenda. Zilisimama kizingitini pale pale, zimekanyagana, kama za mtu aliyesimama akihamisha mguu mmoja baada ya mwingine kwa adabu. Kisha ziliondoka. Hazikupanda juu kuelekea kwake. Ziliteremka ufukweni, zikaingia kwenye barafu, na upepo ulikuwa tayari unazifukia.

Dorter yote ilitoka. Tulitembea kwenye barafu tumeshikana kamba, tunaita jina lake. Kwa saa ile jina lake lilikuwa la kumfaa nini? Mtu mmoja akasema tumwite Garland. Tukaita "Garland", wanaume na wanawake, ghuba nzima, mpaka giza na tufani vikatusukuma ndani. Hedley alirudi wa mwisho, tena kwa kuvutwa. Hakuketi. Alisimama mlangoni mpaka kulipopambazuka.

Asubuhi kulitulia. Hedley ndiye aliyemkuta, upande wa pili wa ghuba, kwenye banda la zamani la samaki la Garland. Mashua ya Garland ilikuwa imefudikizwa pale tangu uvuvi ulipofungwa. Triffie alikuwa chini yake. Alikuwa amekalia matawi ya msonobari aliyoyang'oa ukutani mwa banda, yalikoegemezwa kukinga upepo, mgongo kaupa upepo, kamba za buti kazilegeza, mikono kwapani. Kila kitu kama alivyotufundisha. Alikuwa amevaa koti la Garland la baharini, sweta mbili, glavu za sufu, na usoni pazia la lesi la chumba chake cha kulala, limeganda kama bati.

Tulipofika Hedley alikuwa amepiga magoti, anajaribu kuliinua lile pazia bila kumchuna ngozi. Lilipotoka Triffie akamtazama. Midomo ilikuwa ya buluu, lakini alikuwa anatabasamu, na si kwa adabu. Ni tabasamu la ushindi.

"Hamkunitambua," akasema.

"Hapana," Hedley akasema. "Hatukukutambua."

"Basi nipeni keki yangu."

Helikopta ilikuja kabla ya mchana. Drusilla alikuwa amekimbia nyumbani akarudi na kipande cha keki kwenye kitambaa, akakitia mkononi mwa wifi yake wakati wanamfunga kwenye machela. Kilidondoka mlangoni pa helikopta. Effie akakiokota, asijue akipeleke wapi.

Hedley alimpigia Verna simu mwenyewe. Alimweleza yote kuanzia Krismasi: swali, vicheko, jino la Curtis, na mlango. Verna alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Kisha akaweka simu chini, na hakusema naye tena.

Triffie alikatwa vidole vitatu vya mguu. Daktari alisema hajawahi kuona mtu wa umri ule akilala nje usiku kama ule akabaki hai, akasema mwili wake ni wa chuma. Verna alimweka Halifax, kwanza ghorofani kwake, baadaye kwenye nyumba ya wazee ambako madirisha hayafunguki. Aliishi huko miaka mingi. Hakupata hata mafua. Aliuliza kila aliyeingia, "Na wewe nani?" na walimjibu kwa upole, majina yao na kazi zao, na hakuna aliyecheka. Alikufa kiangazi.

Hedley alikufa miaka mingi kabla yake, vuli iliyofuata tufani ile, kwenye rundo la kuni. Koti lilikuwa limefungwa mpaka juu na shati limelowa.

Drusilla alihamia kwa mwanawe, huko Alberta. Effie alifunga duka. Nyumba ya Triffie ilipigiliwa mbao kama ilivyoahidiwa, na paa la jiko liliingia ndani baada ya baridi chache. Waliobaki Dorter walipiga kura ya kuhama, wakahama, umeme ukakatwa.

Hayo yote niliyasikia kwa wengine. Mimi niliondoka na meli ya kwanza ya mwaka ule ule, mwezi wa tano.